Taka Kuwa Umeme: Tupime Kabla ya Kukubali



Katika miaka hii, mara kwa mara husikika katika miji yetu ya Afrika Mashariki habari za mitambo mikubwa ichomayo taka na kutoa umeme. Habari hii ni tamu masikioni: uchafu utaondoka, taa zitawaka, na vijana watapata kazi. Na kila lililo tamu hivi lataka kutiwa mizanini kabla ya kumezwa. Basi sisi wakazi wa Morogoro, tuliokaa chini ya milima ya Uluguru, twapenda leo kuupima mtambo wa namna hii kana kwamba umekwisha kuletwa mlangoni petu, tujue utatupa nini na utatuchukulia nini, ili siku atakapokuja mwenye kuuleta na karatasi zake atukute tumekwisha kujua la kumwuliza.

MTAMBO WENYEWE

Mtambo huu kwa ufupi ni tanuri kubwa. Taka hutiwa ndani zikachomwa; joto lake huchemsha maji, na mvuke wa maji hayo huzungusha mashine ya umeme, kama vile maji ya Kidatu, katika mkoa wetu huu, yazungushavyo mashine zake tangu mwaka 1975. Moshi hupitishwa katika vichujio kabla ya kutoka katika dohani. Kinachobaki ni majivu. Katika kila tani ya taka hubaki kadiri ya robo tani ya majivu chini ya tanuri, na kando yake majivu mepesi yanaswayo na vichujio. Haya ya pili ni machache, lakini ndiyo yenye sumu zaidi.

Basi asitudanganye mtu kwamba moto humaliza taka. Moto huzipunguza sana, hata ujazo wake ukawa sehemu moja katika kumi, lakini kile kinachobaki chataka mahali pa kuwekwa, na mahali hapo pataka ulinzi kuliko jaa la kawaida.

UPANDE WA FAIDA

Haki yatutaka tuanze na mema ya jambo. Jaa lililo wazi ni balaa, na anayesema tuache mambo yalivyo hajakaa karibu nalo. Tarehe 11 Machi 2017, katika mji wa Addis Ababa, Uhabeshi, mlima wa taka uitwao Koshe uliporomoka juu ya nyumba za maskini waliokaa ubavuni mwake, wakafa zaidi ya watu 110. Katika mji wa Nairobi liko jaa la Dandora, lililofunguliwa mwaka 1975 na likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, wala halikufungwa. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa habari za uchunguzi uliofanywa juu ya watoto 328 wa huko, na karibu nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kupita kiasi kilichokubaliwa wakati ule. Risasi katika damu ya mtoto hudhuru akili yake. Sisi tulio walimu wa watoto twajua thamani ya akili hiyo.

Tena wako watu wanaochoma taka vizuri. Mji wa Vienna, katika nchi ya Austria, una tanuri la taka liitwalo Spittelau, tangu mwaka 1971, nalo limo ndani ya mji wala halikujificha porini. Basi mtambo wa namna hii waweza kuwa salama. Lililo mbele yetu ni kujua: kwa masharti gani, na je, masharti hayo sisi tunayo?

WALIOTUTANGULIA

Jirani yetu wa karibu aliyeijaribu njia hii ni huyo huyo wa Addis Ababa. Mtambo wa Reppie ulijengwa kando ya jaa la Koshe, ukafunguliwa Agosti 2018. Gharama yake ilikuwa kadiri ya dola milioni 120 za Marekani, nao ulikusudiwa kuchoma tani 1,400 za taka kila siku. Kabla ya kufunguliwa ilisemwa ya kuwa utatosheleza asilimia 30 ya umeme wa majumba ya mji ule. Haukufika huko. Ulisimama muda mfupi baada ya kufunguliwa, na hata ulipofanya kazi, umeme wake ulikuwa chini ya ule uliotajwa siku za ahadi.

Kwa nini? Sababu moja tutaijua bila kwenda Uhabeshi, kwani imo katika ndoo ya taka ya kila nyumba. Taka za Ulaya zina karatasi nyingi na vitu vikavu. Taka zetu ni maganda ya ndizi na mihogo, majani ya mboga, makoko ya ugali na maembe yaliyooza. Mama yeyote aliyewahi kuwasha kuni mbichi wakati wa masika anajua yatokayo: moto hutumia nguvu zake kukausha maji kwanza, ndipo uwake. Wataalamu wa Benki ya Dunia waliandika mwaka 1999 ya kuwa tanuri la namna hii haliwezi kwenda sawasawa ila taka zikiwa na joto la wastani lisilopungua megajuli 7 katika kila kilo, na lisishuke chini ya 6 katika msimu wo wote. Kiasi hicho hakifiki nusu ya joto la kuni kavu, lakini taka za soko la mboga hata hicho hazikifikii, na taka zisizowaka zenyewe hutaka mafuta ya kuziwasha.

MIZANI YA MOROGORO

Sasa tujipime. Wataalamu hao walisema tena ya kuwa mtambo hautakiwi kujengwa kwa taka zilizo chini ya tani 50,000 kwa mwaka. Katika sensa ya mwaka 2022 Manispaa ya Morogoro ilikuwa na watu zaidi ya 470,000. Mwaka 2018 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba katika nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara mtu mmoja hutoa wastani wa kilo 0.46 za taka kwa siku, na kwamba zikusanywazo ni kadiri ya asilimia 44 tu.

Tukifanya hesabu kwa wastani huo, mji wetu hutoa kadiri ya tani 216 kwa siku, na zinazokusanywa ni kadiri ya tani 95, yaani chini ya tani 35,000 kwa mwaka. Basi tanuri litakaa na njaa. Mtu akisema, "Zikusanyeni zote, zitafika tani 79,000," tutamjibu: hakika, lakini kuzikusanya zote ndiyo kazi yenyewe iliyotushinda, na mwenye magari ya kutosha, mitaro safi na utaratibu wa kupita kila mtaa amekwisha kuponya nusu ya ugonjwa kabla ya kununua tanuri. Tena toa katika hizo maganda na majani, yaliyo fungu kubwa kuliko mafungu yote, uone kinachobaki cha kuwaka. Hesabu hii ni ya wastani. Mwenye kuleta mtambo ndiye mwenye wajibu wa kuzipima taka zetu kwa mizani, masika na kiangazi, na kutuonyesha alichokipata.

Ama umeme, mkoa wetu haukosi sifa. Mbali na Kidatu tunayo Kihansi, na katika mpaka wetu na Pwani liko Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye mashine za megawati 2,115, ambalo lilianza kutoa umeme mwaka 2024. Mtambo wa taka za mji kama wetu utatoa megawati chache tu. Kwa hiyo anayetuambia kwamba tunahitaji tanuri kwa ajili ya taa ametuanzia mkiani. Tanuri likiwa na haki ya kujengwa, haki hiyo ni ya kuondoa uchafu, nalo lipimwe kwa kazi hiyo.

MOSHI, MAJIVU NA MAJI

Plastiki na vitu vyenye klorini vikichomwa kwa moto hafifu hutoa sumu iitwayo dayoksini, ambayo hukaa katika mafuta ya wanyama na ya binadamu kwa miaka mingi, hata ikafika katika maziwa ya mama. Mataifa yalipatana juu ya sumu za namna hii huko Stockholm mwaka 2001, na Tanzania iliridhia mapatano hayo mwaka 2004. Matanuri ya taka yametajwa humo miongoni mwa vyanzo vyake. Dawa yake yajulikana: sheria za Ulaya hutaka moshi ukae katika joto la nyuzi 850 kwa sekunde mbili angalau, kisha upite katika vichujio vizuri. Lakini kichujio hakinunuliwi mara moja kikaachwa. Hutaka kubadilishwa, kupimwa, na fundi asiyelala. Siku fedha za vichujio zitakapokwisha, moto hautazimwa kwa sababu hiyo. Utaendelea, nasi tutavuta.

Hapa pana neno la kujiambia wenyewe. Watu wengi wanaoliogopa tanuri la manispaa huchoma mifuko na chupa za plastiki uani kwao kila jioni, karibu na jiko na watoto. Moto huo ni hafifu kuliko moto wo wote wa tanuri, wala hauna kichujio. Sumu hiyo ni ile ile.

Tena tuyaangalie maji. Mto Morogoro hutoka Uluguru ukapita mjini na kuingia Ngerengere, na Ngerengere huingia Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam. Majivu yenye madini mazito yakitupwa mahali pasipozuiwa, mvua ya masika itayachukua, na mtu wa mbali asiyejua hata jina la mtaa wetu atayanywa. Kwa hiyo swali la kwanza la mkazi wa Morogoro lisiwe juu ya dohani tu. Aulize pia: majivu yatalala wapi?

MKATABA

Katika nchi za baridi tanuri hupata fedha mara mbili, kwa kuwa huuza umeme na pia huuza joto la kupashia majumba. Hapa kwetu hapana anayenunua joto. Basi fedha za kuliendesha hutoka katika ada ya taka, yaani katika mfuko wa mwenye nyumba.

Tena mikataba mingi ya matanuri huubana mji ulete kiasi fulani cha taka kila mwaka, na usipoleta ulipe. Mkataba wa namna hii huufanya mji uombee uchafu uzidi, na kila atakayechambua chupa au kuozesha maganda awe kana kwamba anamwibia mwenye tanuri. Mji wa Harrisburg, katika Marekani, uliingia katika madeni ya tanuri lake la taka yapatayo dola milioni 300, hata mwaka 2011 mambo yake ya fedha yakawekwa chini ya msimamizi. Ikiwa mji wa nchi tajiri ulizama hivyo, sisi hatuna budi kuusoma mkataba kabla ya wino kukauka.

HAKI YA JIRANI

Jambo hili si geni katika fiqhi. Wanavyuoni wa kale, hasa wa madhehebu ya Malik, walizungumza juu ya mtu anayejenga tanuri au hamamu, moshi wake ukawadhuru majirani, wakaona kwamba jirani ana haki ya kumzuia. Na asili inayojulikana kwa kila mwanafunzi wa fiqhi ni kwamba madhara huondolewa, wala hayaondolewi kwa kuhamishiwa mtu mwingine.

Mahakama za nchi yetu nazo zimepita njia hiyo. Wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walilishitaki Baraza la Jiji kwa sababu ya jaa lililowajaza moshi, nzi na uvundo, na mwaka 1988 Mahakama Kuu ikawapa haki. Jiji likaomba muda, likapewa, likaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa kuongeza, akaona kuwa si jambo la kusikilizwa mamlaka ya umma kuomba ruhusa ya kuhatarisha maisha ya watu, na kwamba Katiba imelinda haki ya mtu kuishi. Jiji likapeleka taka Kunduchi Mtongani, na huko pia wakazi zaidi ya 790 wakaenda mahakamani, wakashinda. Hukumu hizi ni fahari ya wanyonge. Lakini zina fundisho jingine: taka zilizofukuzwa Tabata zilimwangukia mtu wa Kunduchi. Mji usiokuwa na mpango huzungusha madhara tu, yakaishia kwa yule asiye na wakili.

Basi na sisi tuwe waangalifu. Tanuri likiletwa, litatafutiwa kiwanja penye ardhi rahisi, na ardhi ni rahisi penye maskini. Wasiulizwe hao peke yao kama wanakubali, kwani mwenye shida hukubali mengi. Waulizwe wote, na faida wapewe kwanza wale watakaovuta moshi. Na waokotaji wa makopo na chupa, ambao wengi wao ni vijana wetu na kina mama wajane, wasisahauliwe. Tanuri hula kile kile wanachokiuza. Mpango usiowataja hao umeanza kwa dhuluma.

FUNDISHO LA MWAKA 1955

Wazee wa Uluguru hawahitaji kuambiwa lifanywalo na mpango mwema ulioletwa bila shauri. Serikali ya Kiingereza, ikitaka kuzuia udongo usimomonyoke, iliwalazimisha Waluguru kuchimba ngazi katika mashamba yao ya milimani. Nia ilikuwa kuhifadhi ardhi. Lakini wakulima waliona kwamba ngazi zile huufukia udongo wa rutuba na kuufunua ule wa chini usiozaa, na hapana aliyewasikiliza. Mwaka 1955 zikatokea ghasia, na mpango ukavunjika. Udongo haukuhifadhiwa, na imani ya watu ikapotea pamoja nao.

Leo tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayompa kila mkazi haki ya mazingira safi, na kutaka athari za miradi mikubwa zipimwe na wananchi wasikizwe kabla ya kazi kuanza. Sheria hii ni silaha njema, lakini silaha iliyotundikwa ukutani haimlindi mtu. Mkutano ukiitishwa na tukakosa kwenda, tutahesabiwa kuwa tumekubali.

NJIA ILIYO KARIBU

Mtu atatuuliza, "Mnakataa hili, mnaleta nini?" Tunajibu ya kuwa dawa ya maganda ni udongo. Ndizi, mananasi, kabichi na nyanya huteremka kila siku kutoka Mgeta, Kinole na Matombo hata Soko Kuu la Chifu Kingalu, lililofunguliwa mwaka 2021. Kila mzigo umechukua nguvu ya ardhi ya mlimani, na maganda yake yakitupwa jaani, mlima umepungukiwa na mji umechafuka. Yakiozeshwa yakawa mbolea, yote mawili huponywa. Huko Mabwepande, Dar es Salaam, Manispaa ya Kinondoni imejenga kiwanda cha kugeuza taka za masokoni kuwa mbolea kwa msaada wa mji wa Hamburg, Ujerumani. Kiwanda kama hicho hakihitaji dohani.

Na umeme wa mabaki nao tunao palipo mahali pake. Kiwanda cha sukari cha Kilombero huchoma makapi ya miwa kikajiendesha, kwa sababu makapi hayo ni ya namna moja, yanajulikana, na yako pale pale kiwandani. Huko Hale, Tanga, mabaki ya mkonge yalitiwa katika mtambo wa gesi ya kuoza ukatoa umeme tangu miaka ya 2007 na 2008. Mifano hii yaonyesha kuwa hatupingi elimu. Twataka tu kila kitu kiwekwe panapokifaa.

HUKUMU YETU

Kwa mizani hii twaona kwamba tanuri la kuchoma taka zote kwa mchanganyiko halijafaa kwa mji wa kadiri ya Morogoro, kwa taka zake zilivyo na kwa mkusanyo wake ulivyo. Wala hatufungi mlango. Hali zikibadilika, na mwenye mtambo akaja, tumwulize haya: Taka zetu umezipima wapi na lini? Majivu yatalala wapi, na nani atayalinda baada ya miaka 30? Vipimo vya moshi vitabandikwa wapi ili kila mtu avisome? Mji ukikosa taka za kutosha, nani atalipa? Waokotaji watafanya kazi gani? Mtambo ukisimama, nani atabeba deni? Akijibu yote kwa maandishi, tumsikilize kwa heshima. Akijibu baadhi na kunyamazia baadhi, tumsubirishe.

Nanyi wenye nyumba, msingoje mkutano. Wekeni ndoo mbili leo: moja ya maganda, moja ya vitu vikavu. Maganda yafukieni shambani au katika shimo la mbolea. Chupa na makopo mpeni mwokotaji mkononi, asilazimike kuyatafuta katika uchafu. Plastiki msiichome uani. Nyumba ikifanya hivyo, kinachobaki cha kupelekwa jaani kitakuwa kidogo, na mji wenye taka kidogo hauhangaiki kutafuta tanuri la kuzila.

Usafi tunaoufundisha watoto wetu kabla ya sala hauishii katika kiwiko na kifundo cha mguu. Unaendelea hata mlangoni, mtaroni na kwa jirani. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuwafikisha.